Maswali ya Wasomaji: Punje za chuma zinavyomezana, na kompyuta inavyoziiga

Toleo lililopita tuliandika kwa kifupi kwamba chuma, shaba, alumini, karibu kila metali unayoishika ndani yake sio kitu kimoja, ni punje ndogondogo za fuwele zimebanana, na ukiipasha moto muda mrefu zile punje zinakua na metali inalegea. Mwishoni tukaweka sentensi moja tu kwamba siku hizi watu wanaiga jambo hilo kwenye kompyuta. Hiyo sentensi moja imeleta maswali mengi kuliko makala yenyewe, kwahiyo ukurasa wote leo ni wa hilo. Mengine nimeyafupisha, mnisamehe.

Mwalimu shikamoo. Mi nasoma uhandisi mwaka wa tatu hapa Dar. Kwamba punje zinakua nimeelewa, ila sijaelewa nani anaziambia zikue, maana atomi hazina akili. Na kama zote zinakua zinapata wapi nafasi wakati kipande cha chuma kinabaki ukubwa uleule?

Marahaba mwanangu. Swali lako la pili ndio linajibu la kwanza: zote hazikui. Zinakua baadhi tu, na zinakua kwa kuwala majirani mpaka jirani anaisha kabisa, kwahiyo ukisikia mtu anasema punje zimekua maana yake idadi imepungua na wastani wa ukubwa umepanda, basi.

Kinachosukuma ni mpaka. Ndani ya punje moja atomi zimejipanga safu kwa safu, punje ya jirani nayo imejipanga vizuri ila imeelekea upande mwingine, sasa pale zinapokutana kuna atomi ambazo haziwezi kufuata mpangilio wa huku na wa kule kwa pamoja, zinakaa vibaya, na kukaa vibaya kuna gharama ya nishati. Kwa shaba ni kama jouli 0.6 kwa kila mita ya mraba ya mpaka. Chukua mchemraba wa shaba wa sentimita moja kila upande wenye punje za maikromita 10 hivi, mipaka yake yote ukiitandaza chini inafika kama mita ya mraba 0.2, kwahiyo nishati yote iliyofichwa humo ni kama jouli 0.1 tu. Ni kidogo sana! Ndio maana shaba ya baridi inakaa miaka na miaka haibadiliki. Ila ukiipasha moto atomi za mpakani zinaanza kuruka kutoka punje hii kwenda ile na kurudi, zinaruka ovyo pande zote mbili, lakini kwenda upande unaopunguza mipaka zinaruka mara nyingi kidogo zaidi. Hakuna anayeziambia kitu.

Upande huo ni upi? Mpaka uliopinda unasogea kuelekea katikati ya mpindo wake, na kadiri ulivyopinda zaidi ndivyo unavyokimbia zaidi, ukinyooka unatulia. Hapo ndio povu la sabuni linaposaidia kuliko maelezo yoyote: libane katikati ya vioo viwili uliangalie kwa saa kadhaa, utaona vyumba vidogo vinasinyaa na kupotea na vikubwa vinazidi kuwa vikubwa. Cyril Stanley Smith, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyewasisitizia wenzake baada ya vita vya pili vya dunia kwamba povu na metali zinafuata jiometri moja. Kwenye mkutano mmoja aliwaonyesha picha za povu hilo, na katika wasikilizaji alikuwemo John von Neumann, yule mwanahisabati, akaandika maoni mafupi yaliyochapishwa 1952 ambayo mpaka leo ndio kipimo cha kwanza cha kila anayeiga mambo haya. Alisema hivi: kwenye ubapa, kasi ya eneo la chumba kuongezeka au kupungua inategemea idadi ya pande zake tu. Sio ukubwa wake wala umbo lake. Kama chumba kina pande n, kasi ni namba fulani isiyobadilika mara (n − 6). Pande sita eneo halibadiliki, tano linapungua, saba linaongezeka. Yeye alikuwa anaongelea povu, ambako hewa inapenya kwenye ngozi ya sabuni, ila 1956 mtafiti wa metali Mullins akaonyesha kwamba mipaka ya metali nayo inatii sheria hiyohiyo.

Kwanini sita? Kwasababu mipaka mitatu ikikutana kwenye kona moja, na kama yote ina nishati sawa, inavutana mpaka kila pembe inakuwa nyuzi 120. Umbo la pande sita linaweza kuwa na pembe za 120 huku pande zake zimenyooka. La pande nne haliwezi, likitaka 120 kila kona lazima pande zake zivimbe kwenda nje, na pande zilizovimba nje zinasogea kwenda ndani, punje inasinyaa. La pande nane kinyume chake. Na kuna kitu kizuri zaidi hapo ambacho wanafunzi wengi wanakipita bila kukiona: ukichora ubapa wowote mpana uliojaa punje na kila kona inakutanisha mipaka mitatu, wastani wa idadi ya pande lazima uwe sita, hiyo ni hesabu ya Euler, mwanahisabati wa zamani, haina ubishi. Kwahiyo wanaopoteza na wanaopata wanasawazisha hesabu na eneo lote linabaki lilelile. Swali lako la nafasi limejibiwa hapo.

Habari za kazi mwalimu. Mimi nafundisha fizikia sekondari moja Eldoret, shule ina kompyuta chache za zamani. Naweza kuwaonyesha wanafunzi punje zikikua kwenye skrini bila kununua programu ya bei mbaya? Na nitajuaje kwamba nachowaonyesha ni fizikia na sio katuni tu?

Nzuri mwalimu mwenzangu, na hilo la katuni ningependa kila mtu aulize, maana picha za hizi simulesheni, yaani maigizo ya kompyuta, ni nzuri mno na uzuri wake unadanganya. Ntakueleza njia rahisi kuliko zote halafu ntakwambia jinsi ya kuibana mpaka iseme ukweli.

Njia yenyewe inaitwa modeli ya Potts kwa mbinu ya Monte Carlo. Renfrey Potts alikuwa Mwaustralia akisoma Oxford, modeli yake ya 1952 ilihusu sumaku wala hakuwa na habari na punje za chuma. Waliokuja kuichukua na kuitumia kwa punje ni Anderson, Srolovitz, Grest na Sahni wakiwa maabara ya utafiti ya Exxon huko Marekani, makala zao zikatoka 1984. Unachora gridi, tuseme 200 kwa 200. Kila kijisanduku unakipa namba. Vijisanduku vinavyogusana vyenye namba moja ni punje moja, na pale namba zinapobadilika ndio mpaka. Nishati ni kuhesabu tu: kila jozi ya majirani wenye namba tofauti inaongeza moja, wenye namba sawa wanaongeza sifuri.

Sasa mchezo wenyewe. Chagua kijisanduku kwa bahati nasibu. Kipendekezee kichukue namba ya jirani mmojawapo. Hesabu nishati ingebadilika vipi: ikipungua au ikibaki vilevile kubali, ikiongezeka kataa, au kubali kwa uwezekano mdogo unaotokana na ile fomula ya eksponenti ya mtafiti Metropolis na wenzake wa maabara ya Los Alamos, Marekani, ya 1953. Rudia. Ukishajaribu mara nyingi sawa na idadi ya vijisanduku vyote, yaani mara 40,000 kwa gridi yetu, hiyo ni hatua moja ya Monte Carlo. Ukianza na namba zilizotawanywa ovyo skrini inaonekana kama chenga za TV, baada ya hatua kadhaa vinajitokeza visiwa, halafu visiwa vinakuwa punje, halafu punje zinaanza kulana. Hakuna mahali popote kwenye kodi (maagizo ya programu) ulipoandika "punje kubwa imeze ndogo", wala hakuna neno mpindo, wala pembe ya 120. Vyote vinajitokeza vyenyewe kutoka kwenye kuhesabu majirani. Mimi hiki ndicho kinachonifanya niipende hii modeli kuliko nyingine zote, na ningekuwa darasani kwako ningewaacha wanafunzi waitafute hiyo sheria ya kumeza kwenye mistari ya kodi mpaka wakubali haipo.

Lakini uibane. Jaribio la kwanza kabisa usianze na punje nyingi, weka punje moja ya duara katikati ya nyingine moja kubwa uiache isinyae, na kila baada ya hatua kadhaa hesabu vijisanduku vilivyobaki. Grafu ya eneo dhidi ya muda lazima iwe mstari ulionyooka unaoshuka. Ikipinda kuna shida. Ukiona duara limegeuka kuwa mraba na limesimama pale halitaki kuendelea, shida ni gridi: gridi ya mraba ukihesabu majirani wanne tu mipaka inapenda kulala sambamba na mistari ya gridi na kuganda, hiyo sio tabia ya metali ni tabia ya karatasi yako. Hesabu majirani wanane pamoja na wale wa kwenye pembe, au tumia gridi ya pembetatu kama walivyofanya wale wa 1984, na uongeze "joto" kidogo kwenye fomula ili mipaka itikisike. Naweka joto kwenye alama za kunukuu kwasababu hilo sio joto la tanuru, ni namba ya kulegeza mipaka tu, joto la tanuru linaingia kwingine ntakapopaelezea chini.

Jaribio la pili ni wastani. Gawanya vijisanduku vyote kwa idadi ya punje zilizobaki upate wastani wa eneo. Ukipanda kwa mstari ulionyooka na muda, yaani kipenyo kinakua kama kipeuo cha pili cha muda, uko sawa, ndio sheria ambayo Burke na Turnbull waliieleza 1952. Na hapa msikate tamaa mapema, maana hata wale wa 1984 walipata kipenyo kinakua kwa muda wa kipeo cha 0.41 badala ya 0.5, ilibidi gridi kubwa zaidi na muda mrefu zaidi ndio namba ikasogea karibu na nusu. Mwanzo wa simulesheni punje bado hazijapata umbo lake la kudumu, kwahiyo zile hatua za mwanzoni usizitumie kuchora mstari. Za mwishoni nazo usizitumie, zikibaki punje kumi na kitu hakuna wastani wa maana tena hapo.

La tatu ndio tamu: zipange punje kwa idadi ya pande, angalia kila kundi eneo lake linabadilika kwa kasi gani kwa wastani, chora. Mstari ukikatiza sifuri kwenye sita, wanafunzi wako wameipata sheria ya von Neumann kwa kompyuta za zamani za shule.

Tahadhari moja tena kuhusu namba za kuanzia. Ukitumia namba chache, tuseme tano, kuna siku punje mbili za namba 3 zitakutana na kuungana papo hapo kuwa moja, kitu ambacho kwenye metali hakitokei hivyo. Tumia namba nyingi, hamsini na kuendelea, au kila punje ipewe namba yake peke yake.

Mwalimu mi sijasoma sana ila nachomelea mageti na mabomba miaka mingi. Kuna kitu huwa nakiona, kazi ikivunjika mara nyingi haivunjiki kwenye weldi yenyewe, inavunjika pembeni yake kidogo. Je ni haya mambo ya punje mnayosema? Hizo kompyuta zimesema nini kuhusu sisi mafundi?

Fundi, macho yako yameona kitu ambacho kina kitabu kizima. Ndio, punje ni sehemu ya sababu, ila sio sababu yote.

Ukichomelea, kile kipande kilichoyeyuka kina jirani yake ambaye hakuyeyuka lakini amepata joto kali sana, kwa chuma cha kawaida ile milimita moja mbili iliyogusana na weldi inapita nyuzi joto 1,100 na kuendelea mpaka karibu ya kuyeyuka. Inakaa huko sekunde chache tu, ila kwa joto hilo sekunde chache zinatosha punje kukua mara kadhaa. Punje kubwa maana yake mipaka michache, na mipaka ndio inayozuia chuma kisiteleze ndani kwa ndani na ndio inayoukatisha ufa njiani. Hall mwaka 1951 na Petch 1953 waliliweka hili kwenye fomula: sehemu ya nguvu inayotokana na mipaka inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha punje, kwahiyo punje zikikua mara nne ile sehemu ya nguvu inabaki nusu. Na kwa ufa hali inakuwa mbaya zaidi hasa chuma kikiwa baridi.

Sababu nyingine ni ugumu. Kama chuma chako kina kaboni nyingi, au ni kinene na kinapoa haraka, ile sehemu ya pembeni inakuwa ngumu na kavu, inapasuka. Kwahiyo usinielewe vibaya ukaenda kupunguza moto kila mahali: moto mwingi unakuza punje, moto kidogo mno kwenye chuma kinene unakigandisha kikiwa kigumu, ndio maana kwenye mabomba ya maana wanakipasha kwanza kabla ya kuchomelea na wanaweka kikomo cha moto kwa kila urefu wa weldi. Kwa bati jembamba la geti kutembea haraka na kutokurudiarudia palepale kunasaidia kweli.

Kuhusu kompyuta: maabara ya Sandia ya Marekani ina programu inaitwa SPPARKS, ni ya bure kabisa mtu yeyote anaishusha, na ndani yake kuna modeli ya weldi. Ni Potts ileile niliyomweleza mwalimu wa Eldoret, ila sasa kuna dimbwi la moto linalotembea kwenye gridi, linayeyusha mbele yake na nyuma yake punje zinaota upya kufuata joto. Ukibadilisha kasi ya dimbwi na umbo lake unaona punje za weldi zinabadilika kutoka fupi kuwa ndefu zilizolala, na za pembeni zinanenepa au zinabaki ndogo. Kumbuka mwanzoni kompyuta inahesabu hatua, haihesabu sekunde. Ili hatua iwe sekunde lazima mtu aende tanurini, apashe vipande vya chuma hichohicho kwa joto tofauti na muda tofauti, avikate, avisugue, apime punje kwa hadubini, halafu aoanishe mstari wake na mstari wa kompyuta. Joto la kweli linaingilia hapo, kwenye wepesi wa mpaka kusogea, ambao unapanda kwa kasi sana joto likipanda. Asiyefanya hiyo kazi ya tanurini hana haki ya kukwambia "baada ya sekunde tano", na mi nasikitika kuona ripoti nyingi zimeruka hapo.

Kuna pia njia ya kuzuia punje zisikue: chuma cha mabomba ya kisasa huwekewa metali ya niobi kidogo sana ili itengeneze vichembe vidogovidogo vya kuikamata mipaka isisogee. Hesabu ya zamani ya Zener inasema punje itasimama kwenye nusukipenyo cha mara 4/3 ya nusukipenyo cha kichembe ukigawanya kwa sehemu ya ujazo vinayochukua, yaani vichembe vya nusukipenyo cha maikromita 0.1 vikiwa asilimia moja punje zinagoma kwenye nusukipenyo cha maikromita 13 hivi. Namba hiyo ichukulie kama mwongozo tu. Na anayeiga vichembe kwenye ubapa wa gridi asihamishie namba zake kwenye chuma halisi, kwenye ubapa kichembe kimoja kinaukamata mpaka kwa nguvu kuliko kwenye ujazo ambako mpaka unaweza kukizunguka.

Salaam kutoka Ujerumani. Mimi ni Mtanzania nafanya masters ya materials huku. Supavaiza wangu anatumia phase field na anasema Monte Carlo imepitwa na wakati. Tena nimesoma kwamba wameipima nikeli na kukuta mpindo hauna uhusiano na kasi ya mpaka. Sasa hizi simulesheni zote si zimeanguka?

Hongera kwa masomo ndugu yangu. Nianze na la supavaiza kwa ufupi. Phase field haina vijisanduku vyenye namba, ina nyuga laini zinazobadilika polepole kutoka punje hii kwenda ile, mpaka unakuwa na unene, na unatatua milinganyo ya kawaida ya hesabu. Long-Qing Chen na Wei Yang waliileta kwa punje 1994, Steinbach na wenzake wakaleta aina yao 1996, na ukitaka ya bure programu ya MOOSE ya maabara ya Idaho, Marekani, inayo. Faida yake ni kwamba gridi haiwekei mpaka mwelekeo wake, na ni rahisi kuingiza kemia, msongo, umeme, vyote kwa pamoja. Hasara ni kwamba mpaka lazima uchukue nukta kadhaa za gridi ili hesabu iwe sawa kwahiyo unalipa kwa kompyuta. Monte Carlo ni nyepesi na inaendelea kutumika, ile ya weldi niliyoitaja ni mfano. Zote mbili zikifanywa kwa uangalifu zinakupa takwimu zinazofanana kwa ukuaji wa kawaida. Kupitwa na wakati sikubali.

La pili ndio zito. Makala unayoisema ilitoka Science 2021, Bhattacharya, Rohrer, Suter na wenzao wengi wao wa Carnegie Mellon. Walichukua nikeli, wakaipiga eksirei kali ya sinkrotroni (mashine kubwa inayozungusha elektroni) bila kuikata, wakapata ramani ya punje zote za ndani kwa urefu, upana na kina, wakaipasha moto, wakapiga tena. Yaani punje zilezile kabla na baada. Wakapima mpindo na kasi ya mipaka karibu 52,000, na uhusiano wa mpindo na kasi haukuonekana. Kilichoonekana kuhusiana na kasi ni aina ya mpaka wenyewe, zile namba tano zinazosema punje mbili zimepishana vipi na mpaka umelalaje kati yake.

Je zimeanguka? Hapana, ila kiburi kimepunguzwa na ni vizuri. Angalia wapi sheria ilikuwa imesimama. Kila nilichoandika juu kuhusu pande sita kinadai mipaka yote iwe na nishati sawa na wepesi sawa. Tuliweka hivyo kwasababu hatukuwa na vipimo vya kutosha vya kuweka vingine. Metali halisi haina usawa huo. Mpaka unaweza kusogea ili kumpisha mwingine wa nishati ndogo autanue eneo lake, hata kama kwa mpindo ungetakiwa uende kinyume. Na kuna jingine: wastani unaweza kutii sheria ya kipeuo cha pili huku mpaka mmoja mmoja hautii chochote, kwahiyo mtu aliyejaribu simulesheni yake kwa wastani peke yake, na ndivyo tulivyofanya wengi kwa miaka thelathini, hakuwa ameijaribu sana. Kwa maoni yangu hiyo ndio kazi ya kizazi chenu: kuchukua ramani ya eksirei ya kabla, kuiingiza kwenye kompyuta kama mwanzo, kuiendesha, na kulinganisha punje kwa punje na ramani ya baada. Histogramu kufanana haitoshi tena.

Hisabati nayo haijalala. Swali la von Neumann kwenye ujazo badala ya ubapa lilikaa zaidi ya miaka hamsini mpaka 2007 MacPherson na Srolovitz, ndio, Srolovitz yuleyule wa 1984, walipolitatua. Kwenye ujazo hakuna namba ya ajabu kama sita, idadi ya nyuso peke yake haitoshi kujua punje itakua au itasinyaa, unahitaji kipimo cha upana wake na urefu wa kingo zake ambako punje tatu zinakutana. Uisome ukiwa na utulivu, ni fupi na ni ngumu.

Je inawezekana punje moja ikaimeza yote? Au huwa zinakua kwa usawa?

Inawezekana, na kuna watu wanalipwa kuhakikisha inatokea. Transfoma nyingi unazoziona juu ya nguzo mtaani kwako zina mabati ya chuma chenye silikoni, na punje za mabati hayo zina upana wa milimita kadhaa mpaka sentimita, unaziona kwa macho ukiondoa rangi ya juu. Norman Goss alipata hataza ya njia hiyo 1934. Vichembe vinaizuia mipaka yote, halafu punje chache zenye mwelekeo fulani zinafanikiwa kuponyoka na kula kila kitu, na mwelekeo huo ndio ambao sumaku inapita kwa urahisi kwahiyo umeme mdogo unapotea kama joto.

Ukitumia simulesheni ya mipaka yote sawa hutaipata hata uiendeshe mwezi mzima. Hilo ni jambo limethibitishwa: punje ukiikuza kwa makusudi ikaanza kubwa kuliko wenzake, kwenye mfumo wa mipaka sawa wenzake wanaifikia polepole na inarudi kundini. Lazima uipe faida, mipaka yake iwe myepesi zaidi au ya nishati ndogo zaidi, au vichembe viyeyuke mapema pale ilipo. Kwanini zile za Goss na sio nyingine, watu bado wanabishana.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya grafiki. Naweza kuanza au nisubiri?

Anza leo. Gridi ya 200 kwa 200 ni namba 40,000, kila namba baiti nne, ni kilobaiti 160 tu, picha moja ya simu yako inazidi hapo. Hata 1,000 kwa 1,000 ni megabaiti nne. Ukienda kwenye ujazo, 500 kwa 500 kwa 500, ndio unagusa megabaiti 500 na bado inaingia, kinachokuumiza hapo ni muda sio RAM. Lugha ya Python ya kawaida kwa kitanzi kimoja kimoja ni polepole sana, weka Numba (kiongezi cha kuiharakisha) juu yake au andika ile sehemu ya ndani kwa C. Pia usichague vijisanduku vilivyo katikati ya punje kabisa, havina cha kubadilisha, ukifuatilia vya mpakani tu na kuusogeza muda kwa hesabu sahihi utaokoa sehemu kubwa ya kazi, mbinu hiyo ilichapishwa 1975 na Bortz, Kalos na Lebowitz. Unganisha kingo za gridi, kulia kushikane na kushoto na juu na chini, usipofanya hivyo kingo zitavuta punje. Endesha angalau mara kadhaa kwa mbegu tofauti za bahati nasibu (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya kompyuta), hifadhi mbegu zako kwenye faili, na anza na duara.